Naomba ushauri: maji ya mji yanapotea kabla ya kufika kwa watu

Wakuu, habari za leo. Niko kwenye kamati ya maji ya mji mdogo huku Nyanda za Juu Kusini. Kiangazi hiki mgao umeanza mapema, na bado kuna sehemu bomba linavuja chini ya barabara hadi majani yamestawi pale, kote kwingine kumekauka. Inauma sana. Tumeshahimiza watu wamwagilie bustani kwa maji ya kufulia. Inasaidia kidogo tu.

Cape Town mwaka 2018 waliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, wakapunguza na presha kwenye mabomba. Sasa kwa bajeti ndogo, tuanze na kupunguza presha usiku, au kufunga mita kila kanda tujue yanapopotelea? Na presha ikishuka, wanaokaa mlimani watapata maji kweli?