Naomba ushauri: nimependelea rivolva kuliko bastola ya magazini, je, ninakosea?

Mnunuzi wa Mahindi

Habari za jioni ndugu zangu. Ninafanya biashara ya mazao hapa Makambako, na kuanzia Juni hadi Septemba ninazunguka vijijini nikiwa na fedha taslimu, kwa kuwa wakulima wengi hawakubali gunia lao lipande gari kabla hawajazihesabu noti. Mwezi uliopita mwenzangu wa ghala la jirani alivamiwa usiku, akajeruhiwa begani, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Nimeanza kufuatilia kibali cha kumiliki bastola, na barua ya serikali ya mtaa ninayo tayari. Kinachonisumbua ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia nichukue bastola ya magazini, ile inayojipakia yenyewe, ya milimita 9. Moyo wangu mimi uko kwenye rivolva. Haina magazini ya kulegea springi wala haihitaji kukokiwa, na risasi moja ikigoma unavuta kifyatulio tena, silinda inazunguka na kuleta nyingine. Hata mke wangu, ambaye mikono yake haina nguvu ya kukoki, ataweza kuitumia nikiwa safarini. Je, ninakosea?

Fundi Mitambo

Mkuu, sababu ulizozitaja ni za kweli, ila umezitaja nusu. Rivolva ya kawaida inabeba risasi tano au sita, wakati Glock 17, iliyoanza kutengenezwa Austria mwaka 1982, inabeba 17 kwenye magazini moja. Risasi sita zikiisha utafungua silinda, utatoa maganda na kuingiza nyingine, na kwa mtu ambaye mikono inamtetemeka hiyo ni kazi ndefu. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana kule Miami na majambazi wawili, maofisa wawili wakauawa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majeruhi, aliyepigwa risasi mkononi, alishindwa kuijaza rivolva yake katikati ya mapambano. Baada ya siku ile FBI walianza safari ya kuziacha rivolva, na polisi wa New York nao wakaruhusiwa kubeba za milimita 9 mwaka 1993.

Kuhusu kukwama, ni kweli kwamba bastola ya magazini inakwama mara nyingi zaidi, hasa ukiishika kwa mkono uliolegea, lakini unaikoki na kuendelea. Rivolva ikikwama, kwa mfano uchafu ukiingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda haizunguki tena mpaka ikae mezani kwa fundi.

Mama wa Watatu

Kaka yangu, mimi nitajibu kile ambacho hukukiuliza. Tulipokuwa wadogo, baba yetu mkubwa alikuwa na rivolva ndani ya kabati la nguo, na watu wazima walitulizana kwa kusema kwamba kifyatulio chake ni kizito, mtoto hawezi kukivuta. Kaka yangu alikuwa na miaka minane. Hakukivuta. Aliirudisha nyundo nyuma kwa vidole gumba vyote viwili mpaka ikalia, na nyundo ikisharudi nyuma kifyatulio kinakuwa chepesi mno. Risasi ilipita kwenye mlango wa jikoni, kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye kichwa cha mama yangu, na tundu lile lilikaa pale miaka mingi kwa sababu baba mkubwa alikataa lizibwe.

Una watoto? Na hao wakulima wako hawana simu za kupokelea fedha?

Mzee wa Kambi

Nawasalimu wote. Nimestaafu jeshi la polisi, na katika utumishi wangu nilibeba za aina zote mbili. Rivolva niliipenda kwa jambo moja: ukifungua silinda unaona kwa macho yako kama ina risasi au haina. Bastola ya magazini imewadanganya watu wengi, kwa sababu wanachomoa magazini na kusahau risasi iliyobaki kwenye chemba. Nilikuwa na kijana kituoni aliyejipiga pajani kwa namna hiyo wakati anasafisha silaha, na mimi ndiye niliyemfunga jeraha kwa shati langu. Kwa mtu ambaye hatapata muda wa kufanya mazoezi ya kulenga, sioni ubaya wa rivolva.

Karani wa Mahakama

Wenzangu mnajibu kwa haraka. Mimi nina maswali mawili kwa mleta uzi. La kwanza, kibali cha silaha ni cha mtu kwa jina lake, kwa hiyo mke wako hawezi kuitumia bastola yako ukiwa safarini mpaka naye awe na kibali chake. Nani alikwambia inawezekana? La pili, ulikoulizia umeambiwa uchukue ya milimita 9, na wewe unazungumzia rivolva kama kitu ambacho tayari umekishika. Hiyo rivolva unategemea kuipata wapi?

Mnunuzi wa Mahindi

Kuhusu mke wangu sikujua, nashukuru. Watoto ninao wawili, wako shule ya bweni. Fedha za simu tumejaribu, ila vijiji vingine wakala mwenyewe hana salio la kutosha kulipa gari zima la mahindi.

Kuhusu swali la pili, rivolva ipo. Ni ya marehemu baba, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya chai kule Mufindi na alikuwa na kibali halali. Ni Webley ya risasi za 38. Baada ya kumzika tuliikuta kwenye bati la biskuti, imefungwa kwa fulana yake. Nilisukuma kitasa, silinda ikatoka upande wa kushoto, nikakuta risasi sita zimeota ukungu wa kijani. Nimeipaka mafuta na kuirudisha.

Karani wa Mahakama

Mzee alifariki lini?

Mnunuzi wa Mahindi

Mwaka wa pili sasa.

Karani wa Mahakama

Ndugu yangu, hilo ndilo lililopaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. Kibali cha baba yako kilikwisha siku alipokwisha yeye, na aliyebaki na silaha alitakiwa kuipeleka polisi bila kukawia. Wewe leo hii unamiliki bastola bila kibali, kinyume cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kosa hilo linahesabiwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi chini ya Sura ya 200. Nimewaona watu kizimbani kwa silaha iliyokuwa juu ya dari tangu enzi za babu yao, wakiapa kwamba hawakuwahi kuigusa. Wewe umeigusa na kuipaka mafuta.

Mnunuzi wa Mahindi

Naelewa, lakini naomba nieleweke. Siibebi, na haijatoka nje ya nyumba. Nilipanga kibali changu kikitoka ndipo niipeleke ili iandikwe kwa jina langu, kwa kuwa nikiipeleka sasa nikiwa sina kibali itachukuliwa, na sitaiona tena. Ni kitu pekee cha baba kilichobaki mkononi mwangu, vingine viligawanywa na wajomba.

Msoma Historia

Samahanini, naona tunanyweshwa chai hapa. Webley ya 38, rivolva ya Kiingereza, haina silinda inayotoka pembeni. Unabana kitasa kilicho karibu na nyundo, mtutu unainama mbele, na maganda yote yanarushwa nje kwa pamoja. Mtu aliyeishika, akaifungua na kuipaka mafuta hawezi kukosea jambo hilo. Ama mleta uzi ametunga, ama anatuchunguza ili ajue nani humu ana silaha.

Fundi Mitambo

Hata mimi nilishtuka niliposoma neno kushoto, ila nilinyamaza kwa kumheshimu marehemu.

Mama wa Watatu

Mtu akitunga hadithi hataji fulana ya baba yake. Mwacheni ajibu.

Mnunuzi wa Mahindi

Sijatunga. Neno Webley nililisikia kwa baba, kila bastola aliiita hivyo. Nimeitazama tena sasa hivi, na ubavuni mwa mtutu pameandikwa Smith & Wesson. Chini ya kitako kuna kipete cha kufungia kamba, na pembeni yake namba inayoanza na herufi V. Mpini ni wa mbao, na upande mmoja umelainika mahali alipokuwa anaweka kidole gumba.

Msoma Historia

Basi nakuomba radhi, na ninaomba radhi kwa marehemu pia. Hiyo ni ile waliyoiita Victory, iliyotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1942 na 1945, na nyingi zilipelekwa kwa majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Silinda yake kweli inatoka kushoto.

Sasa nisikilize vizuri. Zile za Waingereza zilitengenezwa kwa risasi fupi ya 38, ambayo ganda lake ni nene kidogo kuliko la 38 Special inayouzwa siku hizi. Baadaye watu walizichonga baadhi ya silinda ili ziingie hizo ndefu, na kwenye bastola za namna hiyo ganda huweza kupasuka linapofyatuliwa. Kwa hiyo hata ukiandikishwa, hutapata risasi yake kwa urahisi, na hizo sita zenye ukungu usizijaribu.

Fundi Mitambo

Ndugu, ulituuliza kama rivolva ni bora kuliko ya magazini. Kuna rivolva mpya ambazo ningekushauri kwa moyo safi. Hiyo ya miaka ya vita siyo ya kulindia ghala.

Mama wa Watatu

Kaka, hukuwa unachagua bastola. Ulikuwa unatafuta namna ya kubaki na baba, na hakuna anayekulaumu kwa hilo.

Mzee wa Kambi

Mwanangu, usiipakie kwenye begi na kupanda nayo basi, maana ukikutwa njiani hakuna atakayeamini ulikokuwa unakwenda. Iache ilipo. Chukua cheti cha kifo, kitabu cha kibali cha mzee na mmoja wa wajomba zako, pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nendeni kwa mkuu wa polisi wa wilaya mkamweleze. Wao watakuja kuichukua. Ukipata wakili wa kuandamana nawe itakuwa vyema zaidi. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa wa kusalimisha silaha kwa hiari, lakini wewe usiusubiri. Kwenda mwenyewe na kufuatwa ni vitu viwili tofauti.

Mnunuzi wa Mahindi

Shikamoo mzee. Nimempigia mjomba, amekubali, tunakwenda Jumatatu asubuhi. Kibali changu nitaendelea kukifuatilia, na bado nitaomba rivolva, ila mpya, na ya kwangu peke yangu. Naomba kuuliza jambo moja la mwisho: ile fulana aliyoifungia, nayo wataichukua?

Mzee wa Kambi

Marahaba. Itoe leo. Fulana haina kibali.