Naomba ushauri: mjamzito anayehofiwa kupata Zika aandikiwe msimbo upi?

Habari zenu wakuu. Nipo Marekani, kazi yangu ni kuweka misimbo ya ICD-10-CM (herufi na namba zinazotumika Marekani kutaja magonjwa) kwenye mafaili ya kliniki. Jana nimepokea la mama mwenye mimba ya wiki 14, karudi kutoka Brazili. Mbu walimuuma sana huko, mumewe akatokwa na upele, ila yeye hana dalili yoyote. Majibu ya damu bado. Daktari kaandika tu kwamba huenda amekutana na virusi vya Zika.

Mwenzangu anataka niweke A92.5. Nimekataa, maana mwongozo unasema wazi huo ni wa Zika iliyothibitishwa, "huenda" haitoshi. Tena ukishaingia kwenye rekodi ya mama wa watu, kuutoa ni shughuli. Mimi naona Z20.821, uliokuja Oktoba 2018 mahsusi kwa anayehofiwa kukutana na Zika.

Ninapokwama ni mimba. O98.5, wa magonjwa ya virusi kwa mjamzito, unataka ugonjwa wenyewe uwepo. Je, nitangulize Z34 (ufuatiliaji wa mimba ya kawaida) kisha Z20.821 ufuate, au nimrudishie daktari faili aeleze zaidi? Waliowahi kulipata hili, bima walikubali?