Naomba ushauri: pikipiki ya umeme kwa biashara ya bodaboda hapa Dodoma, na mkataba wa dereva uandikwe vipi?

Mama wa Nzuguni

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mkazi wa Nzuguni, nauza nafaka katika Soko la Job Ndugai, na nina pikipiki moja ya mafuta ambayo mtoto wa dada yangu anaiendesha kwa mkataba: analeta hesabu, yaani fedha tuliyokubaliana, kila siku, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake, kama ilivyo desturi ya vijiwe vyetu. Mkataba huo unakaribia kwisha, kijana amekuwa mwaminifu, na mgao wa VICOBA nimeupata. Nimekusudia kununua pikipiki nyingine nimkabidhi mdogo wake, na safari hii moyo wangu unaegemea pikipiki ya umeme.

Sababu ya kwanza ni mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei elekezi, nyumbani kwangu huwa kuna mazungumzo mapya ya hesabu, kwa maana bei ikipanda kijana anaumia yeye kwanza, nami nikikataa kumpunguzia naona kabisa kwamba namwonea. Sababu ya pili ni hewa. Sisi tunaoshinda sokoni karibu na stendi kuu tunavuta moshi wa vyombo vya moto kuanzia alfajiri, na ningependa fedha yangu isiongeze moshi huo.

Muuzaji amenieleza mazuri matupu, kwamba hakuna petroli, hakuna oili, na chaji moja inatosha siku nzima. Naomba mnisaidie mambo matatu: je, betri itahimili kazi ya bodaboda kwa jua na barabara zetu, nikichajia nyumbani LUKU itanigharimu kiasi gani, na lililo zito kuliko yote, mkataba na kijana uweje, ikiwa kifaa chenye thamani kubwa katika chombo hicho ni betri inayochakaa kila siku?

Dereva wa Jamatini

Mama, shikamoo. Mimi ni dereva, na pikipiki ya umeme nimeiendesha kwa makubaliano na mwenye chombo, hivyo nazungumza ninachokijua. Ni chombo kitulivu, kinaondoka haraka kwenye taa, na jioni mwili hauchoki kwa mtetemo. Lakini kauli ya kwamba chaji moja inatosha siku nzima usiipokee hivihivi. Umbali unaotajwa dukani umepimwa kwa mtu mmoja kwenye barabara tambarare, ilhali kazi yetu ni kupandisha abiria na mzigo wake kwenda chuo kikuu cha UDOM, kuingia michanga ya Ntyuka, au kwenda Mtumba huku upepo wa kiangazi unakusukuma kifuani njia nzima. Kwa kazi ya namna hiyo, pikipiki iliyoandikwa kilomita 100 ihesabu kuwa ya 70.

Kwa hiyo dereva anahitaji mahali pa kuchajia mchana. Kijana wako akiwa na kijiwe karibu na stendi na wewe una fremu sokoni yenye umeme, tayari ana nafasi nzuri kuliko wengi wetu, kwa sababu saa za mchana abiria huwa wachache na anaweza kuchomeka akala na kupumzika. Asiye na mahali hapo atasimamisha kazi jioni, wakati abiria ndio wanatoka kazini.

Fundi Umeme Kizota

Nianze na hesabu, maana ndiyo msingi wa uamuzi wako. Pikipiki nyingi za umeme za biashara hutumia takriban uniti 4 kwa kilomita 100. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ina uniti 2.9 hivi, na ndiyo maana mwenzangu wa Jamatini amekutajia kilomita 70. Chaja nayo hupoteza kiasi kwa joto, hivyo kwa kilomita 100 mita yako itasoma karibu uniti 4.5. Kwa bei ya T1, daraja la matumizi ya kawaida la TANESCO, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo na takriban 356 ukizijumuisha, utatumia kama shilingi 1,600. Pikipiki ya mafuta yenye injini ya cc 125 hadi 150 hunywa lita 2.5 hivi kwa umbali huohuo. Ukichukulia lita moja kwa shilingi 3,000, ni shilingi 7,500. Kijana akitembea kilomita 100 kwa siku, tofauti ni shilingi 5,900 kwa siku, na hapo sijagusa oili, plagi wala kebo ya klachi.

Sasa usiifurahie tofauti hiyo kabla hujajua ni betri ya aina gani. Ukiuliza dukani ukaambiwa tu kwamba ni betri kavu, simama hapohapo na uulize zaidi. Betri za risasi na asidi, hata zikifungwa vizuri, kwa kawaida hufa baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, na dereva wa bodaboda anayemaliza chaji moja na nusu kwa siku atazimaliza kwa mwaka mmoja. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma hufikia mara 2,000 na zaidi zikiwa bado na sehemu kubwa ya nguvu zake, maana yake miaka minne au mitano ya kazi. Bei ya kununulia itakuwa juu, lakini hiyo ndiyo pikipiki ya biashara. Ile nyingine inafaa kwa mtu anayekwenda ofisini na kurudi.

Joto la Dodoma si la kupuuza. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, na chombo kilichosimama juani saa nane mchana kinaweza kulifikia. Kijana akifika aiweke kivulini, asubiri betri ipoe, ndipo achomeke. Usiruhusu ichajiwe chumbani mnamolala wala kwenye njia ya kutokea, na chaja iingizwe kwenye soketi ya ukutani yenye waya mzuri, si kwenye ekstensheni iliyounganishwa na nyingine. Ukishika plagi baada ya nusu saa ukaikuta ya moto, au plastiki yake imeanza kuwa kahawia, zima na umwite fundi siku hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, omba mambo mawili. Kwanza, soma uniti kwenye mita yao kabla ya kuchomeka betri iliyoisha na usome tena ikijaa, ujue imeingiza ngapi. Pili, panda na kijana wako, mfike UDOM na kurudi mjini, mkiangalia asilimia ya betri mnapoondoka na mnaporejea. Muuzaji anayekataa hayo amekujibu.

Mhasibu wa Area D

Dada, naongeza jambo ambalo wengi hulikuta likiwa limeshatokea. Kama nyumba yako iko kwenye daraja la D1, lile la matumizi madogo, unanunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, lakini mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki peke yake, kwa hesabu ya fundi na siku 26 za kazi, itakula uniti 117. Zinazozidi 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo utahamishiwa T1, ambapo hata taa na pasi yako vitalipiwa kwa bei ya juu. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 40 itaongezewa zaidi ya shilingi 9,000 kwa mwezi kwa umeme uleule wa siku zote. Haiui biashara, ila inatakiwa iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Chajia kwenye mita ya fremu ya sokoni kadiri uwezavyo, au omba TANESCO mita ya pili kwa ajili ya pikipiki, na ukiomba hiyo ya pili fuatilia kodi ya jengo isikatwe kwenye mita zote mbili kwa nyumba moja.

Mzee wa Kikuyu

Mimi nina mawazo tofauti, na nayasema kwa nia njema. Pikipiki ya mafuta ikiharibika Chamwino au Bahi, fundi yupo chini ya mti na spea zipo duka la jirani. Ukitaka kuiuza, wiki haiishi. Hiyo ya umeme kontrola, kifaa kinachoongoza mota, ikiungua utasubiri kifaa kutoka Dar es Salaam, na siku zote hizo hesabu hailetwi. Kwa mtu mwenye mtaji wa chombo kimoja, ningemshauri angoje wengine watangulie.

Mwanafunzi wa Iyumbu

Mzee wangu, hoja ya spea ni ya kweli na mama aizingatie. Hata hivyo, tukisema kila mmoja angoje mwenzake, hakuna fundi atakayejifunza wala duka litakaloagiza spea. Kigali walipitia njia hiyohiyo: kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwabadilishia madereva betri, dereva anaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache, na baadaye serikali ya Rwanda ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa katika jiji hilo ziwe za umeme.

Kwetu Dodoma jambo hili lina uzito wake. Tangu mwaka 2024 abiria anatoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR inayokwenda kwa umeme, zaidi ya kilomita 400, halafu kilomita chache za mwisho kutoka stesheni anazimalizia kwenye moshi wa bajaji. Umeme wenyewe upo kuliko zamani, kwani Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115, wakati Mtera tuliyoizoea hapa jirani ni megawati 80. Sehemu ya umeme wetu bado inatokana na gesi asilia, na hata hivyo mota hupoteza nishati kidogo sana ikilinganishwa na injini ndogo ya petroli, na moshi hautolewi puani mwa mama lishe wa stendi.

Mama wa Nzuguni

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Kikuyu nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa kuwa umenitajia hatari ambayo muuzaji hakuigusa. Fremu yangu ina umeme, hivyo suala la mchana nimelipatia jibu. Limebaki la mkataba. Nikimkabidhi kijana baada ya miezi kumi na minane chombo chenye betri iliyochoka, nitakuwa nimempa deni kwa jina la mali.

Katibu wa Kijiwe

Mama, hapo ndipo kwenye kiini, na mikataba tuliyoizoea haijibu swali hilo, kwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya injini ambayo hutengenezwa kidogokidogo. Kijiweni kwetu tumewashauri wenye vyombo vya umeme waitenge betri na pikipiki ndani ya mkataba. Hesabu ya kila siku iendelee kulipia chombo, lakini katika ile shilingi 5,900 anayookoa kijana, shilingi 2,000 iende kwenye akiba ya betri, kwenye laini ya simu ambayo wote wawili mnaona salio lake na hakuna anayetoa peke yake. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000 kwa mwezi, na kwa miezi 18 ni shilingi 936,000. Mkataba ukiisha anachukua pikipiki pamoja na akiba hiyo. Zile 3,900 zinazobaki anunulie umeme wa ziada siku ya safari ndefu, na nyingine ziwe faida yake, kwa sababu kijana asipoona nafuu mfukoni hatakitunza chombo.

Andikeni pia kwamba betri ikifa ndani ya muda wa dhamana, kulishughulikia duka ni kazi yako wewe mnunuzi, na siku ambazo chombo kimelala kwa kungoja spea hesabu haidaiwi, bali mkataba unasogezwa mbele. Ikithibitika amebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, amepitisha chombo kwenye korongo lililojaa maji au ameosha mota kwa mashine ya presha, gharama ni yake. Nambari ya betri na nambari ya fremu ziandikwe kwenye mkataba, zilingane na zilizo kwenye risiti na kadi, na leseni ya usafirishaji ya LATRA ikatwe kabla ya abiria wa kwanza.

Mama wa Nzuguni

Nimekuelewa vizuri, Katibu. Jumamosi nitakwenda dukani na kijana pamoja na fundi wangu, tusome mita na tupande UDOM kama tulivyoelekezwa. Betri ikiwa ni ya lithiamu na dhamana yake imeandikwa kwa miaka, nitanunua. Ikiwa ni ya risasi, nitaendelea kutafuta, na ya mafuta sitainunua kwa sasa. Fundi Kizota, kama una nafasi siku hiyo, naomba tuwasiliane ndani ya jukwaa ili uje uikague chaja, na nauli pamoja na muda wako nitavilipia.

Fundi Umeme Kizota

Nafasi ipo, dada. Waombe mapema wakuwekee betri iliyoisha kabisa, kwa sababu kwa chaja ya ampea 10 itachukua saa nne na zaidi kujaa, na ni vizuri tuanze asubuhi.