Mteja anataka kitabu kizima kwa Playfair Display, nimshaurije?

Mpangakurasa
Wakuu, habari zenu. Napangilia kitabu cha mashairi. Mteja kaona jalada nililompa kwa Playfair Display, kalipenda mno, sasa anataka mashairi, tanbihi na namba za kurasa vyote viwe kwa fonti hiyo hiyo. Jalada ni pointi 60, na kweli linavutia. Ndani ni pointi 10, tanbihi 7. Nikichapa naona kabisa macho yanachoka, ila nikimwambia ananijibu, "Si fonti ile ile? Tatizo nini?" Kutakuwa pia na toleo la kusomea kwenye simu. Nimweleze vipi anielewe?

WinoMzito
Mwonyeshe herufi "e". Fonti za aina hii uzuri wake wote uko kwenye tofauti ya mstari mnene na mwembamba. Kwa pointi 60 ule mstari wa katikati wa "e" unaonekana safi. Ukishusha hadi 7 unakuwa hafifu kiasi kwamba printa ikiurusha kidogo tu, "e" inabaki "c". Halafu atazame neno kama "nimeumia": miguu minene imesimama, viungio vimefifia, neno zima linakuwa uzio wa fito. Hapo ndipo macho yanapochokea.

Bi_Herufi
Nakubali kuhusu hiyo "e", ila tusiseme fonti hizi hazifai kusomwa. Giambattista Bodoni kule Parma na akina Didot kule Paris walichapa vitabu vizima kwa herufi za namna hii. Tofauti ni kwamba enzi zao kila ukubwa ulichongwa peke yake kwenye chuma, na kwenye saizi ndogo mistari myembamba iliachwa minene kiasi. Siku hizi mara nyingi kompyuta inachukua mchoro mmoja na kuukuza au kuupunguza, basi. Pia walikuwa na ukarimu wa nafasi: pambizo pana, mistari imeachana. Ukiubana ukurasa, hata Bodoni mwenyewe asingekuokoa.

Kama mteja hakubali kuachana na sura hiyo, tafuta fonti yenye michoro tofauti kwa saizi tofauti. Bodoni Moda inayo, na ni ya bure. Playfair mpya, ile isiyo na neno Display, nayo inayo.

Mpangakurasa
Asante dada, hilo sikulijua. Na kwenye simu?

KijanaWaSkrini
Simu nzuri zinajitahidi, zile za skrini hafifu ndiyo balaa. Mstari ukiwa mwembamba kuliko pikseli moja, skrini haiwezi kuuchora mweusi, inaupaka kijivu. Na msomaji akiwasha hali ya usiku, kwa wengi herufi nyeupe juu ya weusi zinawaka na kumeza hizo nyuzi. Mimi ningeweka fonti ya Source Serif kwa mashairi, Playfair Display nikaiachia vichwa tu, kuanzia pointi 24 hivi.

WinoMzito
Kwa karatasi uliza kwanza itakuwa ipi. Isiyopakwa utando laini juu yake inanyonya wino na kuutawanya, kwa hiyo kichwa cheupe juu ya rangi nzito kinaweza kuzibika. Kwa mteja usibishane naye. Mchapie shairi moja mara mbili, fonti mbili, karatasi ile ile ya kitabu, bila kumwambia ipi ni ipi. Mwache asome lote kwa sauti.

Mpangakurasa
Hiyo nimeipenda, nafanya hivyo. Basi namba za kurasa angalau nimwachie Playfair Display?

Bi_Herufi
Mwachie, ila zikague. Namba zake za kawaida hazilingani kimo: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari. Kwenye shairi zinapendeza, kwenye ukurasa wa yaliyomo safu nzima inaonekana inayumba. Zipo zilizolingana, ziwashe kwenye vipengele vya OpenType, yaani chaguo za ziada zilizomo ndani ya fonti.