Wauguzi wa serikalini, mnamjibuje mama anayesema "si mlisema huduma ni bure"?

Mkunga wa Ziwani:
Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni muuguzi mkunga, zahanati ya kijijini. Kazi naipenda. Kinachonichosha ni kubeba lawama za mambo nisiyo na mamlaka nayo. Dawa zinatoka MSD (Bohari ya Dawa ya serikali), watumishi wanapangwa na TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), lakini mama mjamzito anayemjua ni mimi tu. Sera ya Afya ya 2007 inasema ahudumiwe bila malipo.

Juzi kaja mmoja na uchungu, glavu zimeisha stoo. Nikamwomba mumewe akanunue duka la dawa. Mama mkwe akamwambia mwanawe mbele yangu, "Mpe hela yake huyo, asije akatutelekezea mgonjwa." Mtoto alizaliwa salama, ila lile neno halijanitoka. Niombe kazi hospitali binafsi, au kuna namna?

Mfamasia Bara:
Pole dada. MSD wakisema kitu hakipo, mnafanya nini? Kuna Mshitiri wa mkoa, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kuviuzia vituo bidhaa ambazo MSD hawana, na vituo vingi vinakaa tu kusubiri. Halafu fedha siku hizi zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo. Glavu ziwekeni kwenye mpango wa mwaka, la sivyo hela itakuwepo na hamtaweza kuigusa.

Baba Wawili:
Niseme kama mwananchi. Huku mtaani tunaamini dawa mnaziuza. Mke wangu aliambiwa anunue dripu, kesho yake jirani akapewa bure. Labda mzigo uliingia usiku, lakini nani alitueleza?

Bibi Mkunga:
Mwanangu, huko binafsi utalaumiwa kwa bei. Nilipokuwa kazini, dawa zikishushwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwepo, anahesabu, anasaini. Orodha tunabandika ukutani, vilivyopo na vilivyoisha. Akisimama yeye mkutano wa kijiji kusema glavu hazikuja, watu wanamwelewa. Ukisema wewe, unajitetea.

Mkunga wa Ziwani:
Ushauri naupokea, bibi, asante. Baba Wawili, umeniuma lakini bora umesema. Orodha nitaibandika wiki hii, na mambo ya kwenda hospitali binafsi nayaweka pembeni kwanza. Mfamasia, huko kwa Mshitiri tunaanzia wapi?

Mfamasia Bara:
Mfawidhi wenu, yaani mkuu wa kituo, ajaze maombi, aambatanishe uthibitisho wa MSD kuwa bidhaa haipo, yapitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Msingoje stoo ikauke ndipo muanze.