Mama anaunganisha ndege Addis peke yake, waliopita uwanja wa ndege wa Bole naombeni mnielekeze

BintiMagu
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 64 na hajawahi kupanda ndege hata ya Mwanza kuja Dar, sasa mwezi ujao anaenda Frankfurt kwa dada yangu aliyejifungua. Anatoka Dar jioni, anabadilisha Addis Ababa usiku, pale anakaa kama masaa manne ndo apande ya Ujerumani. Kiingereza hajui, Kiswahili anasoma vizuri. Mi mwenyewe sijawahi kupita huko, kila nikilala namwona kasimama katikati ya watu na pochi yake hajui aelekee wapi. Kukoje? Mabegi anachukua mwenyewe au yanaenda yenyewe? Baridi ipo? Nataka nimweleze taratibu asije akaogopa.

Mzee wa Mzigo
Mdogo wangu pole na mawazo. Mi hapo Bole nimepita sana nikienda Guangzhou kufuata mzigo. Cha kwanza baridi ipo, Addis iko juu kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mara nyingi ndege inapaki mbali mnashuka ngazi mnapanda basi, sasa mtu katoka kwenye joto la Dar na gauni jepesi ule upepo wa pale kwenye ngazi unampiga kifuani. Sweta na soksi aweke begi la mkononi, sio la chini.

Usiku ndo pamechangamka hasa kwa sababu ndege za Afrika nzima zinaingia karibu pamoja halafu zinaanza kutoka za Ulaya, Uchina, Uarabuni. Jengo walilipanua 2019 likawa kubwa sana lakini bado utakuta watu wamejaa, wafanyabiashara wa Afrika Magharibi na mizigo yao, Wachina, mabinti wa Kihabeshi wengi wanaoenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Hao mabinti huwa wananigusa sana, unaona kabisa wengine ndo safari ya kwanza, kashika bahasha ya makaratasi kwa mikono miwili haiachii. Mwambie mama hatakuwa mgeni peke yake mle ndani.

Begi halichukui pale. Wakiwa kaunta Dar hakikisheni tagi imeandikwa FRA, yaani Frankfurt, ikiwa ADD, yaani Addis, semeni hapohapo. Bodingi pasi zote mbili apewe Dar. Akishuka afuate watu wa tranziti, asiende kwenye foleni ya wanaoingia mjini. Atakaguliwa tena kwenye mashine, maji ya chupa watayatoa, anywe kabla.

mama_zuu
Aliyosema kaka hapo juu yote kweli, mi naongezea la saa maana hapo ndo mtu anapotea. Kwenye bodingi pasi itaandikwa labda 00:40, na tarehe inakuwa imeshageuka, mtu mzima akiona tarehe ya kesho anajua ndege ni ya usiku wa kesho anatulia zake. Mwandikie kwa Kiswahili, SAA 6 NA DAKIKA 40 USIKU HUUHUU.

Na kuna kitu kilinifurahisha sana pale. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, asubuhi inaanza saa moja, na hata jina ni lilelile maana wao wanasema se'at. Nilimuuliza dada mmoja anayeuza kahawa ndege yangu ya saa saba usiku bado muda gani, nikawa namwonyesha vidole saba, akaelewa palepale. Kahawa yenyewe wanaita buna, si ndo buni yetu jamani! Alikuwa kakaa kwenye kigoda na birika jeusi la udongo, ubani unafuka pembeni, bisi kwenye sahani, nikajihisi niko barazani kwa bibi Tanga. Nilikuwa natoka kuzika, sikuwa sawa kabisa, yule dada akanimiminia kikombe cha pili na hela akakataa.

BintiMagu
mama_zuu pole sana kwa msiba. Nimesoma mpaka machozi. La tarehe kwa kweli nisingeliwaza. Na geti je, atalijuaje?

Mzee wa Mzigo
Geti linaweza kubadilika, asikae sehemu moja masaa yote manne. Aangalie skrini, atafute Frankfurt na namba ya ndege, herufi na namba anazisoma si ndio.

kijana_wa_sinza
Dada kuna njia nyepesi zaidi. Mpigie wakala aliyewakatia tiketi aombe huduma ya kiti cha magurudumu, ni bure na wazee wengi wanapewa hata kama wanatembea. Ombeni mapema, siku mbili kabla isiwe chini ya hapo. Akifika Addis anapokelewa na mtu, anavushwa kwenye ukaguzi mpaka getini. Bibi yangu alienda London hivyohivyo, Kiingereza anajua kusema asante tu.

BintiMagu
Nimeongea na wakala sasa hivi, kasema anaweka ombi leo. Nimemwambia mama akauliza huyo mtu wa kiti ni mwanamke au mwanaume, na kama anapenda korosho maana anataka ambebee. Karatasi ya saa nitaishonea mfukoni mwa sweta, maandishi makubwa. Asanteni sana, leo ntalala.

mama_zuu
Korosho abebe. Akitua Frankfurt uje utuambie.