Mkono wangu umezoea twiga: nichoreje ili nipate cha kwangu?

Rangi_Mbichi: Wakuu, habari za jioni. Nachora picha za mtindo wa Tingatinga, kazi niliyorithishwa na mjomba. Oda ni zilezile: twiga wawili, mbuyu, Kilimanjaro kwa nyuma. Siidharau, inanilisha mimi na wanangu. Ila nikijiwekea turubai langu mwenyewe, mkono unatangulia: shingo, madoa, kope ndefu. Nataka sana kuchora ninachokiona mimi. Mwenye njia anisaidie.

Kalamu_ya_Bluu: Mkuu, weka brashi kando kwanza. Turubai na rangi ni pesa, na ukishika pesa unamfikiria mnunuzi. Nunua daftari la shule na kalamu ya wino, nenda mahali ambapo watu hawatulii. Mimi huenda Feri, soko la samaki la Dar, asubuhi, samaki wakinadiwa. Mkazie mtu macho, karatasi usiitazame kabisa. Kalamu ifuate ukingo wa bega, kiwiko, beseni, polepole kama sisimizi anayetembea juu yake. Pua itaangukia shavuni, mguu utatoka nje ya ukurasa. Usifute, fungua ukurasa mwingine. Ukiangalia karatasi mkono unachora ulichokariri. Ukimwangalia mtu, unalazimika kumfuata yeye. Nina mama muuza pweza mle daftarini: mgongo wake ni mstari mmoja tu, umepinda pale alipoinamia ndoo, na vidole vimeachana kwa utelezi. Mgongo ule nisingeubuni nyumbani.

Mwana_wa_Kusini: Naongezea. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972. Alitumia hadibodi na rangi za kung'aa za baiskeli kwa kuwa ndizo alizozipata. Twiga wa oda wamezoeleka baadaye, sokoni. Mtazame na George Lilanga: alitokea kwenye uchongaji wa Kimakonde, akafika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar, akawachora mashetani wa kwao, masikio mapana, midomo mikubwa, wakicheza na kuhangaika na maisha kama sisi. Hakuacha asili yake hata kidogo. Kwa hiyo twiga usimfukuze, mpeleke Kariakoo uone atafanya nini.

Mama_Batiki: Mdogo wangu, la daftari naliunga mkono kwa moyo wote. Ila usimwonyeshe mtu, na usiweke picha kwenye status. Wakishaanza kusifia ukurasa mmoja, kesho utaurudia huohuo.

Rangi_Mbichi: Asanteni sana, dada na wakuu. Jana nilikaa kituo cha daladala nikamchora konda anavyoning'inia mlangoni. Mkono wake umetoka mrefu kupita kiasi, na ndivyo ninavyoupenda. Sasa nataka kumhamishia kwenye turubai, lakini rangi ya mafuta ni nzito, ule mstari wa kutetemeka unapotea. Mnafanyaje?

Kalamu_ya_Bluu: Tia tina kidogo rangi iwe nyepesi, tumia brashi nyembamba ya nywele ndefu, ile ya mafundi wa mabango. Na usipige penseli kwanza. Daftari liweke pembeni, mstari uvute kwa mkupuo mmoja.